Bakteria Hana Kibla

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vikubwa tunavyoviona na vidogo tusivyoviona. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali nililoulizwa chumbani, si darasani. Aliyeniuliza ni mwenzangu wa hosteli, anayesoma biolojia. Nimemwomba ruhusa niandike habari yake bila kumtaja jina, naye amekubali kwa sharti moja: nisimgeuze kuwa hotuba. Nitajitahidi.

Muhula uliopita mama yake alimtumia ada. Mama huyo anauza dagaa sokoni, na ada ile ilikuwa mkusanyo wa miezi kadhaa. Pesa ziliingia kwenye simu siku ya Ijumaa. Kufikia Jumatatu, zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha kwenye mikeka ya mpira. Aliponieleza, nilifanya kile ambacho mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu hutarajiwa kukifanya. Nilimkumbusha aya za Suratul Maida zinazoiweka kamari pamoja na ulevi, nikamtajia hukumu, nikamalizia kwa nasaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari lake, akanionyesha mchoro wa bakteria mwenye mikia mirefu, akasema: "Shekhe, huyu ndiye mimi. Ukinionyesha mahali anapochagua, nitakubali kwamba na mimi nilichagua."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anifundishe mchoro ule kwanza. Nami naandika hapa alivyonifundisha, kwa sababu hatuwezi kulipima swali lake kabla ya kumfahamu kiumbe huyu.

Kiumbe mwenye mambo mawili

Bakteria aliyenionyesha anaitwa Escherichia coli. Anaishi katika matumbo ya wanadamu na wanyama, na wengi wa jamii yake hawana madhara. Urefu wake ni kama maikromita 2, yaani ukiwapanga foleni bakteria 500 ndipo utapata milimita moja. Hana macho, hana ubongo, hana mshipa hata mmoja wa fahamu. Lakini anaogelea, na anaogelea akielekea kwenye chakula.

Anaogelea kwa nyuzi ndefu ziitwazo flajela, ambazo kila moja ni ndefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani nyuzi hizi hupigapiga kama mkia wa samaki. Mwaka 1974, Michael Silverman na Melvin Simon walimnasa bakteria kwa uzi wake kwenye kioo. Uzi ulipozuiwa usizunguke, mwili mzima wa bakteria ukaanza kuzunguka kama feni. Ikadhihirika kwamba kwenye shina la kila uzi pana mota ya kweli, iliyoundwa kwa protini na kukitwa katika ukuta wa mwili. Mota hiyo huendeshwa na ayoni za haidrojeni zinazoingia kutoka nje, kama maji ya Nile yanavyozungusha mitambo ya umeme pale Jinja. Bakteria anapoogelea, nyuzi zake huzunguka takriban mara 100 kwa sekunde.

Mota hiyo ina mizunguko miwili tu. Ikizunguka kinyume cha mwendo wa saa, nyuzi zote hujisuka pamoja nyuma ya mwili na kumsukuma bakteria mbele karibu moja kwa moja. Ikigeuka na kufuata mwendo wa saa, msuko ule hufumuka, naye hubiringika pale pale. Baada ya kubiringika huanza mbio upya, akielekea upande ambao hakuuchagua. Howard Berg na Douglas Brown walimfuatilia kwa hadubini maalumu huko Colorado, Marekani, na mwaka 1972 wakaeleza kwamba mbio moja huchukua kama sekunde 1, na kubiringika kama sehemu ya kumi ya sekunde. Maisha yake yote ya safari ni hayo mawili: kukimbia na kubiringika.

Sasa huyu asiyeweza kuchagua upande hufikaje kwenye sukari? Mwili wake ni mdogo mno kuweza kulinganisha utamu wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo hulinganisha sasa na punde kidogo iliyopita. Ana kumbukumbu ya sekunde kama nne tu. Kama utamu unaongezeka kuliko ulivyokuwa, anachelewa kubiringika, na mbio zake zinakuwa ndefu. Kama hauongezeki, anabiringika kama kawaida yake. Ndani yake pana mjumbe, protini iitwayo CheY, ambaye akibandikwa fosfati huenda hadi kwenye mota na kuifanya igeuke. Utamu ukiongezeka, wajumbe walioamshwa hupungua, na mota huendelea na mbio. Hakuna zaidi ya hapo. Mbio za kuelekea kwenye kheri zinarefuka kidogo, nyingine hazirefuki, na mwisho wa siku bakteria amefika.

Mambo mawili zaidi ndiyo yaliyomgusa mwenzangu, na ndiyo yaliyonigusa mimi pia.

La kwanza, bakteria huzoea. Ukimwaga chakula ghafla katika maji yake yote, atakimbia kwa furaha kwa muda, kisha vipokezi vyake hubandikwa alama ndogo za kikemia ziitwazo methili, na usikivu wake hurudi ulipokuwa. Baada ya hapo, utamu ule mwingi kwake ni sawa na bila utamu. Yeye hapimi kiasi. Anapima mabadiliko.

La pili, bakteria hufuata utamu, si lishe. Julius Adler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba bakteria huyu huvutwa hata na kitu asichoweza kukitumia. Ipo sukari iitwayo fukosi, inayofanana na galaktosi. Kipokezi kinaitambua, mota inatii, mbio zinarefuka, naye anafika mahali ambapo hakuna atakachokipata.

"Sasa nitazame mimi na mkeka," mwenzangu akasema. "Mechi nne zimeshinda, moja imeharibu. Sijapata hata senti. Lakini kesho yake nakimbia zaidi kuliko jana."

Hoja ya zamani katika nguo mpya

Ndugu msomaji, usiharakishe kumcheka. Hoja yake ni ya zamani, imevaa tu koti la maabara. Anasema: bakteria hahukumiwi, kwa kuwa ni mnyororo wa sababu. Mimi nami ni mnyororo wa sababu, ila mrefu zaidi. Urefu wa mnyororo hauwezi kuzaa hatia. Basi kwa nini mimi nihukumiwe?

Katika historia yetu, Jahm bin Safwan, aliyeuawa mwaka 128 Hijria, ndiye anayetajwa zaidi kwa kauli kwamba mwanadamu hana uwezo wa kweli, na kwamba kusema "fulani ametenda" ni kama kusema "mti umetikisika". Muutazila wakaenda upande wa pili, wakasema mja ndiye muumba wa matendo yake. Imam Abul Hasan al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, na waliomfuata wakashika neno kasbu: Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa tendo, na mja ndiye anayelichuma. Hoja yao mashuhuri ni nyepesi kueleweka. Mkono wa mtu mwenye homa hutetemeka, na mkono wa mtu anayeandika husogea. Yote miwili ni miendo, lakini kila mmoja wetu anajua ndani ya nafsi yake kwamba huu si ule.

Nilimpa hoja hiyo. Akajibu kwamba huko kujua nako huenda ni kemikali.

Nikamjaribu kwa njia ya Ibn Taymiyya, aliyebainisha kwamba hakuna mtu anayeukubali udhuru wa kadari anapodhulumiwa yeye. Nikamkumbusha siku alipoibiwa viatu mlangoni mwa msikiti. Siku ile hakusema mwizi ni bakteria. Alisema maneno ambayo sitayaandika humu. Tulicheka sana. Lakini baadaye akasema kwa utulivu: "Hilo linathibitisha kwamba najipendelea. Halithibitishi kwamba niko huru." Nami kwa haki nilikiri kwamba kweli halithibitishi.

Mabonde mawili

Jibu nililolipata halikutoka katika vitabu vya mabishano. Lilitoka katika kisa cha tauni ya Sham, kisa ambacho nilikisoma kwa ajili ya mtihani bila kukifikiria.

Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kuelekea Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kwamba maradhi yameingia huko. Baada ya kushauriana na masahaba aliamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akichunga upande huu au ule, kote huko amechunga kwa kadari.

Nilipolisoma tena bonde lile nikakumbuka mchoro wa daftarini. Upande wa majani na upande mkavu: hilo ndilo tatizo la bakteria. Tena bakteria naye huufikia upande wa majani. Tofauti na Umar iko wapi? Iko hapa: bakteria analijua bonde akiwa ameshaingia ndani yake. Lazima aonje ndipo ageuke. Umar aligeuka kabla ya kuingia, kwa habari aliyoletewa na watu, na baada ya shauri la wenzake. Hakuionja tauni ili aijue.

Huenda basi uhuru tuliopewa si ule tunaoufikiria. Tunadhani uhuru ni mtu kusimama saa tano za usiku, simu mkononi, pesa zimo, mechi inaanza, akasema hapana. Pengine katika dakika ile kweli yeye yuko karibu sana na bakteria, na mota imeshaanza kuzunguka. Lakini dakika ile ilikuwa na asubuhi yake. Asubuhi alijua njia ipi inapita mbele ya duka la kubeti na ipi haipiti. Alijua nani anaweza kumshikia pesa. Alijua, kwa sababu yeye mwenyewe aliweza kuuchora mnyororo wote kwenye daftari na kuniambia kila pingili inavyovuta nyingine. Bakteria hajawahi kumchora bakteria. Hajui kwamba kumbukumbu yake ni sekunde nne, kwa hiyo hawezi kuomba msaada wa kumbukumbu ya mwingine.

Hapo ndipo naona mahali pa taklifu. Mwanadamu anaulizwa kwa kuwa anaweza kuliona bonde kwa mbali na kulihama. Kulishinda kila mara akiwa ameshazama ndani yake ni jambo jingine, na pengine ndiyo sababu Qur'ani katika Suratul Israi imekataza kuikaribia zinaa, haikutaja kuitenda peke yake.

Kuzoea

Sasa nirudi kwenye lile la kuzoea, kwa sababu hapo ndipo swali lilipogeuka na kunielekea mimi.

Kuzoea si laana. Bakteria asiyezoea angelewa utamu wa kwanza na asigeuke tena. Nasi vilevile: aliyefiwa na mzazi asingeweza kuamka siku ya arubaini kama uchungu ungebaki na ukali wa siku ya kwanza. Ni rehema. Lakini rehema hiyo hiyo, pasipo mizani, hufanya kazi nyingine. Suratul Mutaffifin inataja kutu inayoifunika mioyo kwa yale ambayo watu wamekuwa wakiyachuma. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), mja akikosea hutiwa doa jeusi moyoni, akitubu husafika, akirudia huongezeka mpaka moyo ukafunikwa. Ninachokiona katika mafundisho hayo ni kwamba kutu haipigi kelele. Kila doa hulinganishwa na doa lililotangulia, na tofauti ni ndogo.

Upo usemi unaozunguka sana katika mawaidha yetu, kwamba mtu ambaye siku zake mbili zimelingana amepata hasara. Wanazuoni wa hadithi hawauthibitishi kuwa ni kauli ya Mtume (S.A.W.), ingawa maana yake inahimiza kheri. Lakini ukiushika peke yake, unakufundisha kupima kama bakteria: leo dhidi ya jana. Aliyebeti elfu ishirini jana na elfu kumi leo ameendelea. Aliyebeti elfu kumi jana na elfu kumi na moja leo hakuona kitu. Mtu anaweza kwenda mbali sana kwa hatua za elfu moja moja.

Ndiyo maana sisi tumepewa kitu ambacho hakilinganishwi na jana. Kibla hakisogei kwa kuwa jana ulisali umeelekea kando kidogo. Alfajiri haichelewi kwa kuwa umezoea kulala. Mara tano kwa siku unatakiwa ujipime kwa kitu kisichokuzoea, na ambacho hutakiwi kukizoea. Bakteria hana kibla. Ana "afadhali kuliko punde" tu, na kwa kiumbe wa sekunde nne hiyo inatosha. Kwetu haitoshi.

Na mimi? Nililala kitanda cha jirani na mwenzangu mwaka mzima. Mwezi wa kwanza alipobeti mara moja kwa juma nilisema neno. Alipobeti mara mbili nilinuna. Ilipofika kila siku nilikuwa nimezoea, na wiki moja nilimkopesha pesa "za vocha" hali najua si za vocha. Kila juma lilifanana na juma lililotangulia. Siku ada ilipokwisha ndipo nilipofungua Suratul Maida, kana kwamba nimefika kutoka safari. Yeye aliniambia kuhusu vipokezi vyake. Hakusema chochote kuhusu vyangu, na nadhani alinistahi.

Kama Umar alihitaji habari za watu ili aliepuke bonde, basi mimi ndiye niliyekuwa mtu wa habari, nikanyamaza. Siwezi kumwambia mwenzangu "ulichagua" kisha nijiambie mwenyewe "mimi nilikuwa nalala tu pale".

Kubiringika

Kuna bakteria waliobadilishwa maabara wakaondolewa mjumbe wa CheY. Hao hawabiringiki kabisa. Wanakimbia tu, mbele moja kwa moja, kwa mota nzima na nguvu kamili, na hawafiki wanakotakiwa kwa sababu hawana namna ya kugeuka. Kuna wengine, waliokosa protini ya kumzima mjumbe huyo, ambao wanabiringika karibu muda wote na hawaendi popote. Nilipoyasikia hayo niliwakumbuka watu wa aina mbili: asiyewahi kusema "nimekosea", na yule anayejilaumu asubuhi na jioni bila kupiga hatua. Toba, kama tulivyofundishwa masharti yake, ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, na kama pana haki ya mtu, kuirudisha. Baada ya hapo ni kuondoka na kuanza mbio upya.

Haki ya mtu hapa ilikuwa ya mama. Mwenzangu alimpigia simu Alhamisi moja baada ya Isha, akaniomba nikae karibu. Alimweleza yote. Upande wa pili palikuwa na kimya kirefu, tukadhani salio limekwisha. Kisha mama akauliza: "Umekula?"

Tangu siku hiyo laini yake ya pesa iko kwa shangazi yake hapa mjini. Kutoka darasani tunapita njia ya nyuma, ni ndefu kwa dakika kumi, na wakati wa mvua ina matope. Mwezi uliopita aliteleza mara moja kwa pesa alizokopa kwa mtu mwingine, akanieleza usiku ule ule. Sikumsomea kitu. Nilimuuliza kesho tunapita njia gani.

Bado hajakubali kwamba nimelijibu swali lake. Anasema nimehamisha tu uchaguzi kutoka usiku kwenda asubuhi, na kwamba asubuhi nayo ina kemikali zake. Huenda. Lakini asubuhi ananisubiri mlangoni tuondoke pamoja, na ukweli ni kwamba nami siku hizi nachelewa kuamka, na yeye ndiye anayenigongea kwa ajili ya Alfajiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe mabonde kabla hatujateremka, na atupe wenza wanaosema mapema. Wallahu a'lam.